Mpaka Uliokwenda Harusini

Darasa la maua la Nabuyonga lilikuwa na wanawake kumi na wanne, na kelele za arobaini. Mchungaji alijaribu mara moja kuandaa mahubiri yake katika chumba cha pili, akatoka akiwa ameshika biblia kichwani kama mtu anayejikinga mvua. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana walijaa katika ukumbi wa kanisa, na mwaka huo wa tisini na saba walijaa zaidi, maana mvua za Machi zilikuwa zimefika, udongo umelainika, na mwalimu wao Maximilla alikuwa amewaambia kwamba asiyepanda sasa asije kumlilia Juni.

Saa ya kwanza ilikuwa ya jembe. Walikuwa na vitalu nyuma ya ukumbi, wakajifunza kukata vipandikizi vya waridi, kugawa vitunguu vya dalia, kuzuia kuku wa mchungaji. Saa ya pili walinawa miguu, wakaingia ndani kupanga maua. Vile visponji vya dukani vya kuchomekea maua hakuna aliyewahi kuviona. Maximilla alikata kipande cha shina la mgomba, akakiketisha ndani ya beseni, akachomeka maua humo moja moja. Mgomba una maji yake. Ua linakaa siku nne halijainamisha shingo.

Santa alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hakuchelewa, hakukosa, hakusema. Mumewe Benedicto, askari wa magereza, alifariki Julai ya mwaka uliopita. Gari la kazi likampeleka mpaka kwao Lira, akazikwa, na Santa akarudi Mbale na sanduku moja. Nyumba ya kambini ilikuwa imeshapewa askari mwingine. Ndipo akapanga chumba mtaa wa Malukhu, nyuma ya nyumba ya mjane mwenzake, Nafuna, aliyekuwa akipika maharage na chapati katika kibanda chake cha jiko kando ya barabara, akiwalisha mafundi wa gereji. Ni Nafuna huyo aliyemfukuza kwenda darasani.

"Nenda ukachafue mikono," alimwambia. "Mtu hawezi kukaa chumbani miezi minane anahesabu misumari ya bati."

Basi akaenda. Lakini hakuwa amelia, na hilo ndilo lililowakosesha wenzake usingizi.

"Hata msibani," alisema Hajara, Mnubi muuza vitenge, ambaye habari ya Mbale haikuwa habari mpaka ipite kinywani mwake. "Nilikaa naye hivi, bega kwa bega. Macho makavu kama sahani iliyoko dukani."

"Labda alikuwa anampiga."

"Nani, Benedicto? Yule hata mfungwa alikuwa anamwambia tafadhali."

Santa aliyasikia. Yalimfika kama mvua inayonyesha juu ya bati la jirani: unaisikia vizuri, lakini hulowi.

Katikati ya Aprili Maximilla aliingia darasani akipiga makofi. Zamani kidogo, kabla hajahamia Mbale na mumewe Nyongesa, dereva wa lori wa njia ya Kenya, alikuwa amefanya kazi Jinja katika nyumba ya mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa amerudi kuchukua nyumba ya wazazi wake. Huko ndiko alikojifunzia maua, na huko bado walimkumbuka. Sasa afande mmoja wa kambi ya Kimaka, hukohuko Jinja, alikuwa anamwoza binti yake, Brendah, na mama wa binti ametuma ujumbe: ukumbi wote upambwe na watu wa Maximilla.

Vigelegele vilitikisa madirisha.

"Ngojeni, ngojeni. Anataka mimea kumi na miwili, mirefu, kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya maharusi. Mimea hai, yenye mizizi, kwenye mikebe. Majani ya kukatwa yatalala kabla bibi harusi hajafika. Mabibi harusi wa Jinja mnawajua, saa ni ya mapambo. Mikebe ya mafuta ninayo. Nani ana mimea?"

Mmoja alikuwa na michungwa mitatu, mwingine alikuwa na mihogo.

"Kwetu iko," alisema Santa.

Shingo kumi na tatu ziligeuka. Hajara baadaye aliapa kwamba hata kuku wa mchungaji walinyamaza.

Ilikuwepo kweli. Upande wa kushoto wa uwanja wa Nafuna ilisimama mimea kumi na miwili kwa mstari, majani marefu ya kijani kilichoiva, yamechongoka kama panga, kimo cha kifua cha mtu. Kule Lango, upande wa Lira, alikozaliwa Santa, watu wanajua shamba la nani linaishia wapi kwa kuwa wamezaliwa hapo na wamelima hapo. Hakuwa ameona mtu akipanda kitu kwa kazi hiyo. Aliona majani mazuri, basi. Alhamisi asubuhi, Nafuna alipokwenda soko la maharage, Santa alichukua jembe akang'oa yote. Alifanya hivyo kama alivyofanya kila kitu siku hizo: mikono ilitangulia, mwenyewe akabaki nyuma. Mchana mvua ikanyesha, mashimo yakajaa matope, nyasi zikalala juu yake. Nafuna alirudi jioni na gunia lake kichwani, akakuta moto umezima na wateja wanangoja, na kesho yake alfajiri tena yuko jikoni. Hakutazama upande ule.

Ijumaa kanisani, walipokuwa wakishindilia udongo kwenye mikebe, Nambozo, Mgisu mmoja wa darasa lile, alishika jani, akalipindua.

"Hii umetoa wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nambozo, wacha upelelezi, shika beseni," akadakia Maximilla. "Lori la Nyongesa linaondoka saa nane, na mimi mume wangu simwamini kwa jambo lolote isipokuwa saa." Maximilla alikuwa amezaliwa katika mashamba makubwa ya Eldoret, ambako mpaka ni seng'enge. Nambozo akashika beseni. Baadaye aliwaambia watu wote wa Mbale kwamba yeye alionya.

Harusi ya Kimaka ilikuwa harusi. Bibi harusi alichelewa saa tatu, na mimea haikuinama hata jani. Afande baba wa binti aliipita akanyoosha mgongo, akasema imesimama vizuri kuliko askari wake. Mama wa binti akaipenda sana, akaomba imbakie, na Maximilla akampa yote kwa tabasamu la mtu anayefikiria harusi za mwaka ujao. Wakati wa muziki mzee mmoja alimshika Santa mkono, akamvuta katikati. Santa alicheza. Miguu haikukosea. Alikula wali, nyama, akanywa soda mbili, na mtu akimuuliza leo angesema ilikuwa harusi.

Walirudi Mbale Jumapili mchana. Kabla hajafungua lango la Nafuna, Santa alisikia sururu.

Wanaume wawili walikuwa wakichimba mtaro kuanzia barabarani kuingia ndani. Mbele yao, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, alisimama Douglas, mdogo wake marehemu mume wa Nafuna, mwenye kiwanja kilichopakana na chake. Alikuwa ameshika uzi, na uzi ule ulikuwa umevutwa kupita mbele ya kaburi la kaka yake, ukaliacha kaburi upande wake yeye.

"Shemeji, mimi sina ugomvi," alikuwa akisema kwa upole. "Nataka kujenga mizigo minne tu, vyumba vya kupangisha. Nionyeshe mpaka nami nitasimama hapo hapo. Uko wapi?"

"Unajua ulipo, Douglas."

"Nionyeshe. Kaburi nitalitunza. Ni kaka yangu kabla hajawa mume wako."

Nafuna alimwona Santa. Alikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akawa anakikunja, anakikunjua.

"Santa. Yale majani."

"Nilipeleka Jinja."

"Jinja."

"Kwa harusi."

Nafuna akageuza sufuria, akaikalia palepale uwanjani. "Yale hayakuwa majani, mama. Ulikuwa mpaka. Baba mkwe aliyapanda akiwa na wazee sita, siku aliyowagawia wanawe. Anayeyagusa anafikishwa mbele ya watu. Mtoto wa hapa anafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuvaa suruali."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ingekuwa ulijua, saa hii uko polisi."

Santa alingoja kitu kimpande kifuani. Alijua kwamba mahali kama hapo mtu hushikwa na kitu, aibu au hofu, hata kichefuchefu. Aliona kwamba kandambili ya kushoto ya Nafuna imeshonwa kwa uzi mwekundu na ya kulia kwa waya. Hilo tu.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Nabuyonga, kwa njia ya Hajara, na Jumatatu darasa zima lilijaa Malukhu kana kwamba ni Jumatano.

"Turudi Jinja tukaichukue!"

"Ukiileta utaipanda wapi? Kichwani?"

"Nyongesa aje na lori amwangushie yule Douglas mchanga mlangoni!"

Swali lilikuwa hilohilo: ipandwe wapi. Mimea mingine ingepatikana popote, lakini haipandwi na upande mmoja. Sharti watu wawepo na mwenye kujua mahali aonyeshe. Wale wazee sita wote walikuwa wamekufa. Mwenyekiti wa mtaa, Adrisi, dereva wa basi mstaafu mwenye sauti ya kuitia abiria, alikuja akasimamisha sururu, akasikiliza majirani kumi na saba, kila mmoja akionyesha mahali pake.

"Nimesikia kumbukumbu kumi na saba," akasema, "na kila moja imeshakula kwa mtu. Huyu mama aliyeng'oa hana ndugu hapa. Hana shamba, hana upande. Ndiye wa mwisho kuigusa yote. Alhamisi ataonyesha, na pale atakapoonyesha ndipo tutapanda."

Jumanne Douglas alipiga hodi chumbani kwa Santa. Alileta sukari na mche wa sabuni, akaviweka chini kwa adabu.

"Dada, sikuombi useme uongo. Nakuomba usikumbuke sana."

Jumatano ikawa zamu ya darasa. Maximilla alitaka kufundisha namna ya kuunguza kikonyo cha ua lenye utomvu ili lisinyauke, hakuna aliyemsikiliza.

"Sema kule kwa Douglas kabisa," Hajara alimkaba Santa. "Ingiza hatua tano. Nani atakupima? Umekula chapati za yule mwanamke miezi minane!"

Kwa jambo moja Hajara alikuwa sahihi: zile chapati Santa alikuwa amezila. Na Nafuna mwenyewe hakumwomba neno. Alileta sahani kama siku zote, malewa ya machipukizi ya mianzi na ndizi, akaiweka juu ya sanduku, akaenda zake. Kwa mara ya kwanza hakukaa kuongea. Kaburi likiingia kwa Douglas, msingi wa mizigo ungepita miguuni mwa marehemu, na mjane angekuwa anaomba ruhusa kufyeka nyasi. Santa alilielewa hilo kama mtu anavyoelewa tangazo lililobandikwa ukutani.

Alhamisi uwanja ulifurika. Mabenchi yaliazimwa, mtu akaja na jiko la kuchoma mahindi. Adrisi alikuwa amefika na mimea mipya kumi na miwili kwenye toroli.

"Mama, simama. Tuonyeshe."

Santa alisimama. Ukweli ni kwamba hakukumbuka. Hakujifanya. Upande wa barabarani mtaro wa Douglas ulikuwa umegeuza udongo wote. Upande wa ndani nyasi zilikuwa nyasi. Alitembea polepole, watu wakimwelekeza kwa sauti: hapo, hapana, mbele, rudi, mwacheni! Alipofika kaburini akasimama. Lilikuwa la saruji, fupi, na juu yake bamba la bati lenye jina. Hapo kitu kikamrudia, si kichwani. Kilimrudia nyuma ya mapaja, ubaridi.

"Hapa nilikaa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Juu."

Mwenye mahindi akaacha kupepea.

"Ule mmoja ulikataa kutoka. Nilikaa hapa, nikakanyaga chini, nikavuta kwa mikono miwili."

"Ulikaa juu ya kaburi," alisema Adrisi.

"Sikuona kama ni kaburi. Niliona pa kukaa."

Mzee mmoja akaguna, wanawake wakaziba midomo. Nafuna hakusogea. Adrisi alifuta jasho, akamtazama Nafuna kama anayeomba radhi, kisha akasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya basi, "Kaa tena. Tuone."

Santa akakaa juu ya kaburi la mume wa Nafuna, mbele ya watu wote wa Malukhu. Akanyoosha miguu, visigino vikapata mahali pake. Akainama, mikono mbele. "Hapa."

Adrisi akachoma fimbo pale alipoonyesha. Ikazama kama kwenye uji. Mmoja wa wachimbaji akapiga magoti, akachakura kwa vidole, akatoa kipande cha mzizi kilichokatika, rangi ya chungwa, bado kibichi. Kilikuwa upande wa pili wa kaburi, upande wa Douglas, hatua moja na nusu kutoka kwenye saruji.

Vigelegele! Hajara alipanda juu ya benchi. Kaburi ni la Nafuna, nani atasema lingine? Douglas mwenyewe aliukunja uzi wake, akautia mfukoni.

"Na mingine?" Adrisi aliuliza kelele zilipopungua.

"Sijui mingine."

"Basi tutavuta kutoka hapa mpaka jiwe la manispaa pale barabarani."

Wakavuta kamba. Kamba ikaliacha kaburi salama, ikanyooka uwanjani, na ilipokaribia barabara ikakata katikati ya kibanda cha jiko la Nafuna.

"Pale ilipinda," alisema Nafuna. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Mume wangu alijenga jiko wakati yeye na Douglas wanakula sahani moja. Mimea miwili ya mwisho walihamisha wenyewe, ikazunguka jiko."

"Mimi sikumbuki hilo, shemeji," alisema Douglas, taratibu.

Adrisi akageuka. "Mama. Ilipinda au ilinyooka?"

Uwanja mzima ukamtazama. Neno moja lilitosha. Santa alitafuta ndani, akatafuta tena: asubuhi, jembe, majani, mikebe. Mstari. Kulikuwa na kona? Aliiona kona, kisha akauona mstari, vyote viwili kwa uwazi uleule.

"Sema ndiyo, mwanamke!" Hajara alinong'ona, na mnong'ono wa Hajara ulisikika mpaka gereji.

"Sijui," alisema Santa.

"Fikiri."

"Nimefikiri. Sijui."

Mimea kumi na miwili ikapandwa kwa kufuata kamba, watu wakishuhudia. Jiko lilipewa siku tatu.

Watu walipotawanyika Nafuna alikuja mlangoni kwa Santa. Hakuingia.

"Ulikaa juu ya mume wangu."

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

Santa alifikiri. "Muda. Mti ulishatoka, mimi bado nimekaa. Palikuwa na baridi nzuri. Sikutaka kusimama."

Nafuna alimtazama, akatazama kule kaburini, akarudisha macho.

"Mwisho wa mwezi ujao uhame."

"Sawa, mama."

Jumamosi darasa lilikuja kuhamisha jiko. Walikuja wote kumi na watatu, na magauni yao ya gomesi yamefungwa viunoni, na Nyongesa na nyundo yake ya lori, na ubishi juu ya kila ubao. Mabati yalishushwa, nguzo zikang'olewa, masizi yakawajaa mpaka kwenye nyusi. Nafuna ndiye aliyeonyesha pa kusimamisha jiko jipya. Palikuwa mahali pamoja tu: mbali na barabara, jirani kabisa na dirisha la Santa. Mafundi wa gereji sasa wangelazimika kuingia uani wakitaka chapati, na wangapi wangeingia, hilo hakuna aliyelisema.

Santa alipewa nguzo ya pembeni aishike wima, wenzake wakishindilia mawe na udongo chini yake. Hajara alikuwa amepiga magoti karibu na miguu yake.

"Neno moja tu," alisema, safari hii kwa sauti ndogo ya kweli. "Kwa nini hukulisema?"

"Sikulipata."

"Kwani lazima ulipate? Si unalitoa tu!"

"Mwache," alisema Nafuna, akipita na karai la udongo. "Angesema ndiyo, Douglas angesema na la kaburi ni uongo vilevile." Akamwaga udongo kwenye shimo. Hakumtazama Santa wala hakubadilisha lolote kuhusu mwisho wa mwezi. "Moshi utakuingilia," akaongeza.

"Sawa."

"Si sawa. Ufunge dirisha."

Walishindilia mpaka Nyongesa akaipiga nguzo teke, ikakataa kutikisika. Maximilla akawagawia kazi ya kupandisha mabati, wakaanza kubishana nani mwepesi wa kupanda juu, na Hajara akasema yeye hapandi, chini kuna wanaume wa gereji wanatazama, kisha akapanda.

"Santa, achia sasa," alisema Maximilla. "Imesimama."

"Najua," alisema Santa, mikono yake miwili ikiwa bado kwenye nguzo.